Frigeti ikishashushwa majini, ndipo kazi inapoanza

"Injinia, hii meli si imeisha?"

Swali hilo huniingilia kwenye simu kila picha ya manowari mpya aina ya frigeti inapozunguka kwenye makundi ya mafundi hapa Arusha. Picha zenyewe zinafanana: banda refu kuliko uwanja wa mpira, milango wazi, na chombo cha rangi ya kijivu kinatoka taratibu, omo (sehemu ya mbele) kali, ubavu laini. Anayetazama anaona meli kamili. Akisoma maelezo chini anakuta itaanza kazi baada ya miaka mitano, na moja kwa moja anahisi kuna mtu anakula hela ya mradi. Hela huliwa, sikatai. Ila mara nyingi si hapo.

Mimi ni mkaguzi wa uchomeleaji. Siku hizi riziki yangu iko kwenye matangi ya mafuta, boila na mabomba ya viwanda kati ya Arusha na Moshi, lakini kazi nilijifunzia kwenye karakana za meli, na mambo ya ujenzi wa meli bado nayafuata kama wengine wanavyofuata ligi. Leo nataka kujibu swali hilo mara moja, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Tuanze na tarehe. HMS Glasgow, frigeti ya kwanza ya aina ya Type 26 ya Uingereza, chuma chake cha kwanza kilikatwa Julai 2017 kwenye karakana ya Govan, Scotland. Ilielea Desemba 2022. Imepangiwa kuanza kazi karibu na 2028. INS Nilgiri, frigeti ya India, ilishushwa majini Mumbai Septemba 2019, ikaingia rasmi kazini Januari 2025. Na tusiende mbali: MV Mwanza, meli yetu ya abiria, iliingia Ziwa Victoria Februari 2023, na baada ya hapo mafundi wakaendelea kuikamilisha ikiwa imeshaelea. Hiyo ni meli ya abiria tu, haina rada ya kivita wala kombora.

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba chuma ndiyo sehemu rahisi. Kukata pleti, kuzikunja na kuziunganisha ni kazi inayojulikana, ina mashine zake, na inakwenda haraka. Miaka inapotelea ni kwenye kujaza vitu ndani ya kile chuma bila kimoja kukalia nafasi ya kingine, halafu kuvifanya vyote vizungumze.

Frigeti ni manowari ya ukubwa wa kati. Kazi yake ya asili ni kulinda meli nyingine: kusaka nyambizi, kutungua ndege na makombora, na kukaa bahari kuu wiki nyingi bila kurudi bandarini. Zile nne za Afrika Kusini zina urefu wa mita 121 na uzito wa tani 3,700 hivi. Nilgiri na Glasgow zinakaribia mita 150, na uzito wake ni kama mara mbili ya hizo.

Sasa kitu kinachowashangaza wengi: chuma cha frigeti ni chembamba. Mtu anadhani manowari imevaa chuma kama kifaru. Zamani ilikuwa hivyo; meli kubwa za vita za mwanzoni mwa karne ya 20 zilivaa chuma cha sentimita 30 ubavuni. Frigeti ya leo, sehemu kubwa ya sitaha na kuta zake ni pleti za milimita 5 hadi 12. Meli ya kubeba mafuta ghafi ina pleti nene kuliko hiyo. Sababu ni kwamba kombora la kisasa halizuiwi na unene wa chuma ambao meli ya ukubwa huo ingeweza kuubeba, kwa hiyo wabunifu waliacha kubishana nalo. Kinga imehamia kwenye kutoonekana, kutosikika, na kulitungua kombora kabla halijafika. Kila kilo iliyookolewa kwenye pleti inakwenda kwenye rada, mafuta na silaha.

Lakini pleti nyembamba ni adui wa mchomeleaji, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo kazi yangu ilipo.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,500 hivi. Arki, yaani moto wa umeme wa kuchomelea, inapopita, ile sehemu ya moto inataka kutanuka, lakini imezungukwa na chuma baridi kinachoibana, kwa hiyo inajisonga yenyewe. Ikipoa inasinyaa na kubaki fupi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ule mvuto haupotei. Unabaki ndani ya pleti. Pleti ya milimita 20 inauvumilia. Ya milimita 5 inafanya tumbo. Anayetaka kuliona kwa macho apite karakana yoyote ya mageti mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, au kule Pasua, Moshi. Kijana anayeanza kazi analaza shiti juu ya fremu, anaanza kuchomelea kona moja na kwenda moja kwa moja hadi kona nyingine bila kupumzika. Akimaliza, shiti limevimba katikati. Ukilibonyeza kwa kiganja linaingia ndani na kutoka tena kwa mlio. Fundi mzoefu anashikiza kwanza kwa nukta chache, katikati, kisha pembeni, anaruka huku, anarudi kule, anauacha moto upoe kabla hajarudi jirani yake. Hakuna aliyemfundisha darasani. Amelifahamu kwa kuharibu shiti za watu.

Karakana ya frigeti inafanya kitu hichohicho kwa karatasi na mashine. Kila paneli ina mpangilio wake ulioandikwa: mshono upi uanze, uelekee wapi, upoe kwa muda gani. Mbavu zinazoshika pleti mara nyingi hazichomelewi mfululizo bali kwa vipande vyenye mapengo, pale ambapo hesabu ya nguvu inaruhusu. Karakana nyingine zinatumia leza, kwa sababu joto lake ni jembamba na halisambai. Na baada ya yote hayo bado kuna kikosi cha kunyoosha, chenye tochi ya gesi na mpira wa maji, kinachochoma nukta fulani nyuma ya pleti na kuzipoza ghafla ili zivute upande wa pili. Hawa watu nawaheshimu sana. Wanatumia ugonjwa uleule kuwa dawa.

Kwa nini wajisumbue? Mosi, ubavu wa frigeti umeinamishwa kwa makusudi ili mawimbi ya rada ya adui yakipiga yarukie kwingine yasirudi yalikotoka, na ubavu wenye mawimbi-mawimbi unaharibu hesabu hiyo. Pili, ukificha tumbo kwa bodifila (uji wa kujazia mabonde) umeongeza uzito. Tatu, na hili ndilo kubwa, vipande visiponyooka havitaungana.

Maana frigeti haijengwi tena kwa kulaza mkuku (uti wa chini wa meli), kusimamisha mataruma (mbavu zake) na kuvisha pleti kama jahazi. Sherehe ya kulaza mkuku bado ipo, wanavaa suti na kuweka sarafu, lakini ni heshima ya mila tu. Meli inajengwa kwa vipande vikubwa, kila kimoja kama jengo la ghorofa mbili tatu, kila kimoja mahali pake, halafu vinaletwa pamoja. Vingi hujengwa kichwa chini: sitaha inalazwa chini, kuta zinasimamishwa juu yake, na mchomeleaji anafanya kazi akiwa ameinama badala ya kuchomelea juu ya kichwa huku cheche zikimwingia shingoni. Mshono wa chini ni wa haraka na una kasoro chache. Kipande kikikamilika, kreni inakigeuza.

Wazo la kubeba meli kwa vipande si geni kwetu. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, na kuunganishwa upya kwa riveti. Ilishushwa majini 1915. Tofauti ni kwamba makasha yale yalikuwa na chuma na mitambo iliyotenganishwa. Kipande cha frigeti ya leo kinafika na mabomba, njia za nyaya, mifereji ya hewa na hata baadhi ya mashine zikiwa tayari ndani.

Kwenye fani ya ujenzi wa meli kuna kanuni ya makadirio: kazi ya saa 1 karakanani inachukua saa 3 ndani ya kipande, na saa 8 meli ikishaunganishwa. Si hesabu ya kisayansi, ila aliyewahi kupitisha bomba kwenye chumba ambacho tayari kina mabomba mengine 12 hawezi kubisha. Karakanani una mwanga, hewa, kreni juu ya kichwa na meza ya kazi. Ndani ya meli unatambaa, unapanda ngazi na grinda begani, unaomba kibali cha moto, unasubiri mtu wa umeme atoke, na mlinzi wa moto akienda chai nawe unasimama. Kwa hiyo ubora wa karakana hupimwa kwa swali moja: vipande vinafika kwenye kuunganishwa vikiwa vimejaa kiasi gani? Vikifika vitupu, meli itapendeza kwenye picha mapema na kuchelewa baadaye.

Kwenye Glasgow, nusu ya mbele na nusu ya nyuma ziliunganishwa 2021. Baadaye Govan wakajenga banda jipya linaloweza kuchukua frigeti mbili ubavu kwa ubavu, wakalipa jina la Janet Harvey, mwanamke fundi umeme aliyefanya kazi karakana za mto Clyde wakati wa Vita Kuu ya Pili. Banda si anasa. Jua likipiga ubavu mmoja wa meli, chuma cha upande huo kinatanuka na mwili mzima unajipinda kwa milimita kadhaa. Ndiyo maana vipimo nyeti, kama kunyoosha mhimili wa rafadha (panga linalosukuma meli), hufanywa usiku au alfajiri, chuma chote kikiwa na joto moja.

Mashine kubwa zinaingia kabla sitaha haijafungwa. Glasgow ina injini moja ya tabaini ya gesi (jamaa ya injini ya ndege), Rolls-Royce MT30 ya megawati 36 hivi, jenereta 4 za dizeli na mota 2 za umeme. Meli ikitaka kukimbia inawasha tabaini. Ikiwa inasaka nyambizi, tabaini inazimwa na rafadha zinazungushwa na mota za umeme peke yake, kwa sababu mota haina mlipuko wa mafuta ndani yake na kwa mwendo huo hakuna giaboksi inayosagana. Nyambizi inasikiliza kuliko inavyotazama. Frigeti yenye kelele inajitangaza, tena inajiziba masikio yenyewe, kwa kuwa nayo inamtafuta adui kwa kusikiliza.

Kwa hiyo jenereta hazifungwi moja kwa moja kwenye mwili wa meli. Zinakaa juu ya fremu, fremu inakaa juu ya mipira, na wakati mwingine mpangilio huo unarudiwa mara mbili. Kila bomba linaloingia na kutoka lina kipande laini kinachomeza mtetemo. Sasa fikiria fundi mmoja, ana haraka, anaona bomba linaning'inia, analichomelea kishikizo kidogo kati ya fremu na ukuta. Mshono mzuri kabisa, ukiupiga eksirei haina doa. Lakini umejenga daraja la chuma, na mtetemo wote unavuka hapo kwenda majini. Mpira wa gharama kubwa umekuwa pambo. Kasoro ya namna hiyo haionekani kwenye ukaguzi wa mshono. Inaonekana meli ikiwa baharini na vipaza sauti vimetegwa chini ya maji, na hapo kuitafuta ni kufungua vyumba kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana kwenye kazi hii mkaguzi hakagui mshono uliopo tu, anatafuta na ule usiotakiwa kuwepo.

Halafu uzito. Kila kitu kinachoingia kwenye frigeti kinapimwa, hadi rangi, maana meli haijali kilo tu, inajali kilo hizo ziko wapi. Rada inapenda kukaa juu kabisa ili ione mbali, na uzito ulio juu ndio unaotaka kuipindua meli. Ukiongeza tani chache kwenye mlingoti, huenda ukahitaji farumi (uzito wa kutuliza meli) zaidi chini, na hapo umepunguza mwendo au mafuta.

Mfano mchungu wa haya ni frigeti za Marekani za Constellation. Mpango ulikuwa wa busara: wachukue muundo wa FREMM, frigeti ya Ulaya ambayo tayari inaelea, waubadilishe kidogo, waujenge Wisconsin. Mkataba ulisainiwa 2020. Mabadiliko madogo yakazaa mengine, hadi kilichobaki kufanana na FREMM kikawa kidogo. Ujenzi ulianza Agosti 2022 michoro ikiwa haijakamilika. Kufikia 2024 wakaguzi wa serikali yao waliripoti kwamba uzito umepanda kwa zaidi ya asilimia 10 ya makadirio na meli ya kwanza itachelewa kama miaka 3, na Novemba 2025 jeshi la majini likatangaza kufuta meli 4 ambazo ujenzi wake ulikuwa haujaanza.

Mafundi wa Arusha hawahitaji kuelezwa sana hapa. Karakana zetu zinazorefusha Land Cruiser kwa ajili ya safari zinakata gari, zinaongeza kipande katikati, zinaweka paa linaloinuka, viti, friji, inveta na soketi za kuchajia kamera. Mteja akisema mapema anataka friji mbili, ni mstari mmoja kwenye mchoro. Akisema siku dari limeshashonwa, unafungua dari, unatoa viti, unabadilisha waya kwa mnene zaidi, unagundua betri haitoshi, sehemu ya kuweka betri ya pili ina tangi la maji, na gari lililokuwa la wiki moja linakaa mwezi. Frigeti ni gari hilo likiwa na vyumba mamia na wateja kadhaa wanaogombana, kila mmoja na cheo begani. Mimi ningekuwa na uwezo ningeweka sheria moja tu: pleti ya kwanza isikatwe hadi michoro ya vyumba vyote vya mashine isainiwe. Wanasiasa hawapendi sheria hiyo, kwa sababu siku ya kukata chuma ina kamera na siku ya kusaini mchoro haina.

Tufike sasa kwenye maji. Glasgow haikuteleza kwenye chelezo (mteremko wa kushushia meli) kama meli za zamani. Ilisogezwa juu ya tishari (chombo bapa cha kubebea mizigo), tishari likavutwa hadi kwenye kina cha kutosha, likazamishwa taratibu, meli ikabaki inaelea. Halafu ikakokotwa hadi Scotstoun, karakana nyingine ya mto uleule. Ukitazama picha za siku hizo, angalia mstari wa rangi unaotenganisha sehemu ya chini ya maji na ya juu. Ukiuona umekaa juu sana kuliko maji, jua meli bado nyepesi, vitu vyake vingi viko ghalani.

Kinachofuata ni nyaya. Frigeti ina mamia ya kilomita za nyaya: umeme mkubwa, mawasiliano, data, vyote vikipita kwenye kuta zisizopitisha maji. Kila tundu la ukutani lazima lizibwe kwa vipande vya mpira vilivyobanwa kuzunguka kila waya, maana chumba kikijaa maji au moto, tundu moja lililoachwa wazi linafuta kazi ya ukuta mzima. Mwezi Mei 2023 ilitangazwa kwamba baadhi ya nyaya ndani ya Glasgow zilikutwa zimeharibiwa kwa makusudi. Waya wenyewe ni bei ndogo. Shida ni kwamba ukishakuta mmoja umekatwa huwezi kuamini mwingine wowote hadi umeupima.

Baada ya nyaya ni kuwasha. Hawawashi vyote kwa pamoja: umeme wa nchi kavu kwanza, kisha jenereta moja, pampu, viyoyozi (kompyuta za kivita zinatoa joto kali), kisha rada, kisha mfumo unaounganisha rada na silaha. Hapo kampuni kadhaa, kila moja na programu yake, zinakutana kwa mara ya kwanza kwenye chumba kimoja, na kila moja inaapa kwamba tatizo liko kwa mwenzake. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: frigeti zao zilijengwa Ujerumani, SAS Amatola ikafika nyumbani Novemba 2003 bila mifumo yake ya kivita, na mifumo hiyo ikaja kufungwa Simon's Town, bandari ya jeshi lao la majini. Iliingia rasmi kazini 2006. Misri nayo imechukua muundo wa familia hiyohiyo, na moja imejengewa Aleksandria. Kwa hiyo si habari ya Wazungu peke yao.

Vijana wa ufundi huniuliza kama kuna ajira huko. Karakana za manowari kwa kawaida huajiri raia wao, na hata raia wanachunguzwa kwanza, kwa hiyo usikeshe kwenye mtandao ukitafuta wakala wa kukupeleka Govan. Atakula nauli yako. Lakini uchomeleaji wa pleti nyembamba unahitajika kwenye vivuko, meli za ziwani na matangi, na Mwanza na Kigoma kuna kazi za meli. Anza hivi: pleti ya milimita 5, mita moja kwa mita moja, mbavu 3 za flatibaa (chuma bapa) juu yake. Shikiza, chomelea kwa kuruka, acha ipoe kabisa usiku mzima. Asubuhi igeuze, vuta uzi kutoka kona hadi kona, upime mwanya katikati. Ukizidi milimita 3, badilisha mpangilio wa mishono kabla hujabadilisha ampea.